Mwacheni panya abaki panya

Nimerudi wadau! Wiki nane za TP zimekwisha. Nimerudi chuo na begi lile lile, kisigino cha kiatu kimelika upande na koo limekauka kwa chaki. Wale mlionitumia meseji kuuliza kama nimedisko, hapana, bado nipo nipo. Nilikuwa nafundisha Hisabati Kidato cha Pili kwenye shule moja ya kata mkoani Dodoma, na jioni zangu zote ziliishia kwenye rundo la madaftari.

Sasa leo nataka niandike habari za gemu. Ndiyo, gemu! Msicheke kwanza. Juzi usiku mimi na mshikaji wangu wa chumbani tulibishana mpaka saa nane, jirani akagonga ukuta, na ubishi wenyewe haukuisha. Yeye anasema hili gemu langu ni picha nzuri tu za kupotezea muda, na kwa kompyuta yangu hata hizo picha nzuri sizioni. Mimi nikamwambia hivi: kuna kosa moja kubwa ndani ya hilo gemu, na kosa hilo hilo nililifanya darasani kwa wiki tano bila kujijua. Akacheka. Nikaona afadhali niliandike kwa kirefu, maana mdomoni nashindwa.

Gemu lenyewe ni Oblivion, la nne katika mfululizo wa The Elder Scrolls. Lilitoka Machi 2006, limetengenezwa na Bethesda Game Studios wa Marekani. Mwaka huo mimi hata chekechea sijaanza! Kwa wasiolijua: ni gemu la dunia wazi. Unatengeneza mtu wako mwenyewe, unampa sura na kabila, halafu unaachiwa nchi nzima inayoitwa Cyrodiil uende unakotaka. Mimi nilimchagua Redguard, mtu mweusi ambaye asili yake ni nchi ya Hammerfell, maana sikuona sababu ya kuwa mzungu hata kwenye ndoto.

Unaanza ukiwa gerezani. Mfalme mkuu anapita kwenye selo yako na walinzi wake, anakimbia wauaji, kwa sababu njia yake ya siri ya kutorokea iko hapo hapo ukutani kwako. Sauti ya mfalme huyo ni ya Patrick Stewart, kwa hiyo hata kama hujui kinachoendelea unasimama wima umsikilize. Unapita mahandaki, unapigana na panya na vibwengo, unatokea mwisho wa mfereji wa maji machafu... halafu mlango unafunguka.

Jamani, hapo ndipo 2006 ilipokuwa inaonyesha ubavu wake. Mbele yako kuna ziwa, ng'ambo kuna magofu ya mawe meupe, nyuma yake vilima na misitu. Miti yenyewe haikuchorwa mmoja mmoja kwa mkono, ilioteshwa na programu iitwayo SpeedTree, na ndiyo maana msitu unaonekana msitu kweli. Watengenezaji walisema nchi ile ina ukubwa wa maili za mraba 16, yaani kama kilomita za mraba 41. Na hakuna anayekuambia pita kulia au kushoto. Mlima unaouona unaweza kuuendea mpaka ukaukanyaga.

Mimi niliiona kwa namna yangu ya kimaskini. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, niliinunua kwa bumu la mwaka wa pili (mama asisome hapa), RAM GB 4 na haina kadi ya picha ya maana. Ilipotoka, Oblivion lilidai angalau RAM MB 512, na watu wakalalamika kwamba linazitesa kompyuta zao. Mwezi Aprili 2025 wakalitoa upya, picha zimeboreshwa toka chini mpaka juu, na safari hii linadai angalau RAM GB 16 na nafasi ya GB 125 kwenye diski. Piga hesabu: kumbukumbu mara 32 ya ile ya kwanza! Hilo jipya mimi nimeliangalia kwenye kompyuta ya tajiri mmoja wa bweni la pili, nikameza mate, nikarudi kwenye la zamani. Na hilo la zamani nalo nimezima majani, nimezima vivuli, umbali wa kuona nimeuweka karibu. Cyrodiil yangu ina ukungu kama Lushoto mwezi wa saba.

Lakini hicho kimeo kimenisaidia. Macho yakinyimwa uhondo, mtu unaanza kuangalia gemu linavyofanya kazi ndani. Na sisi watu wa elimu tukianza kuangalia kitu ndani, basi, tunaanza kutafuta falsafa.

Kwanza nilisifie. Oblivion lina stadi 21. Upanga, upinde, kufungua kufuli, kuchanganya dawa, kufanya biashara, kukimbia, hata kuruka. Stadi haipandi kwa sababu umepewa pointi kama zawadi. Inapanda kwa sababu umeitumia. Unataka kujua upanga? Pigana kwa upanga. Unataka kujua biashara? Nenda dukani ukauze. Mwanzoni unachagua stadi 7 ziwe zako kuu, na hizo zikipanda jumla ya mara 10, unastahili levo mpya. Ila hupandi hapo hapo. Gemu linakuambia ukapumzike, utafakari uliyojifunza. Lazima utafute kitanda ulale, na ukiamka ndipo umepanda.

Hebu fikiria hapo. Kujifunza kwa kutenda, halafu kupumzika na kutafakari. Mtaala wetu wa sekondari umekuwa ukihubiri umahiri badala ya kukariri tangu 2005, na sisi hapa chuo tunaufundishwa kwa mhadhara wa saa mbili huku tumekaa kwenye ngazi kwa kukosa viti, halafu tunaujibia mtihani kwa kukariri desa. Gemu la mwaka 2006 lilikuwa linaufanya kwa vitendo.

Sasa tuje kwenye kosa.

Katika Oblivion, wewe ukipanda, karibu dunia yote inapanda na wewe. Ukiwa levo 1, pangoni unakuta panya na mbwa mwitu. Ukiwa levo 15, unarudi porini kule kule unakuta dubu, na watu wenye vichwa vya fahali. Baadhi ya maadui uhai wao unazidi kuongezeka kadri levo yako inavyoongezeka, kwa hiyo kibwengo mkubwa anaweza kula mapanga mpaka mkono ukuume. Kichekesho kinachojulikana na kila aliyecheza ni mnyang'anyi wa njiani. Mwanzoni amevaa ngozi chakavu. Ukishapanda sana unamkuta amevaa deraya ya kioo, vazi la thamani ya maelfu ya sarafu, halafu anakusimamisha njiani anakudai sarafu 100! Ndugu yangu, uza kofia tu uache ujambazi.

Watu wanacheka hilo kwa sababu halina mantiki. Mimi linaniuma kwa sababu nyingine: linakunyima ushahidi kwamba umekua. Ulihangaika, ukafanya mazoezi, ukalala, ukatafakari, ukaamka na levo mpya, lakini mapambano ni magumu vile vile kama jana, mara nyingine zaidi. Macho yanaambiwa dunia hii ni kubwa, ina milima na mapango na miji. Mikono inaambiwa kote ni chumba kimoja. Kule mbali hakuna mahali pa kuogopa, na hapa karibu hakuna mahali uliposhinda. Ndiyo maana nasema picha hata ziwe nzuri namna gani, mlima ambao ugumu wake unakusubiri wewe ufike ndipo uamuliwe, huo ni pazia tu lililochorwa mlima.

Na mimi nilijiponza zaidi. Katika stadi zangu kuu niliweka kukimbia, kuruka na biashara, kwa sababu nilipenda. Nikawa naruka kila hatua kama chura, nikifika mjini nauza kila takataka. Nikapanda haraka sana! Levo 10, kifua mbele. Kumbe upanga wangu ulikuwa bado wa levo 2, na dunia haikuuliza nimepandia nini. Iliona namba 10 ikaniletea maadui wa 10. Nilikufa mpaka nikazoea muziki.

Basi nikafanya walichofanya wengi kabla yangu. Nikaanza mtu mpya na nikaacha kulala. Si unakumbuka, bila kitanda hupandi? Stadi zinaongezeka, lakini levo imegoma palepale, na maadui wanabaki wanyonge. Kuna watu wamelimaliza gemu zima wakiwa levo 1 kwa ujanja huo. Yaani njia ya uhakika kabisa ya kuwa salama katika gemu la kukua, ni kukataa kukua. Nilijiona mjanja. Nilikwenda TP nikiwa nimemwacha huyo mtu wangu ana wiki kadhaa hajafumba macho.

Sasa twende Dodoma.

Nilipangiwa mikondo miwili ya Kidato cha Pili. Mwalimu mwenyeji ni mzee mmoja mpole, nikamsalimia shikamoo, akanikabidhi kitabu na chaki na kuniambia, "Mwanangu, watoto wazuri hawa, ila hesabu wameshaikatia tamaa." Mimi na moto wangu wa chuo nikasema moyoni, subiri uone. Nikaweka utaratibu: kila Ijumaa jaribio dogo. Darasa likifanya vizuri, jaribio la wiki inayofuata linapanda. Na atakayemaliza mazoezi mapema darasani, anapewa swali la nyongeza, gumu zaidi, na linahesabiwa alama. Niliona hiyo ndiyo haki. Kila mtu anasukumwa kutoka alipo!

Tulikuwa kwenye vigawo. Wiki ya kwanza niliwapa x² + 5x + 6, wengi wakashindwa. Tukafanya mazoezi, wakaanza kuielewa. Nikafurahi, Ijumaa nikaleta 2x² + 7x + 3. Wakaanguka. Tukakomaa nayo wiki nzima, wakaanza kuipata. Ijumaa nikaleta 6x² − 11x − 10. Wakaanguka tena. Ukiangalia daftari langu la alama, wastani uligoma kwenye arobaini na kitu kuanzia wiki ya kwanza mpaka ya tano. Mtu asiyejua angesema mwalimu huyu hafundishi kitu. Na wale watoto ndicho walichosema, tena kuhusu wao wenyewe: sisi hatupandi.

Wiki ya tano nikamkamata binti mmoja wa dawati la pili. Wenzake wanaandika, yeye amekaa anachora maua pembeni ya daftari. Nikamwendea kwa ukali kidogo, nikainua kitabu alichokuwa amekiweka juu ya daftari lingine. Chini yake kulikuwa na kazi yote, imekamilika, safi, maswali yote kapata. Alimaliza zamani, akaificha.

Nikamuuliza, "Mbona hukuleta?"

Akainuka, akaangalia chini. "Samahani mwalimu. Nikileta mapema unaniongezea, na la kuongezewa nakosa. Bora nikae."

Bora nikae! Wadau, mgongo wangu ulisisimka. Yule mtoto alikuwa anafanya nilichokuwa nafanya mimi kwenye kompyuta. Alikuwa amekataa kulala. Alishagundua kwamba darasani kwangu malipo ya kuweza ni kuongezewa mpaka usiweze, kwa hiyo akaamua kuweza kimyakimya. Na nilipoanza kuchunguza baada ya hapo, hakuwa peke yake. Angalau wanne walikuwa wanavuta muda makusudi.

Usiku ule sikusahihisha. Nilikaa kwenye kile kichumba cha kupanga, nikafikiria ni watoto wangapi wamejifunza kwangu kwamba kujua ni hatari. Hilo ndilo lililokuwa linapotea pale. Mtu akijifunza hilo akiwa Kidato cha Pili, nani atamfundisha vingine baadaye?

Najua kuna mtu ananisubiri hapa aseme: lakini hata nadharia inasema mpe mwanafunzi kazi iliyo juu kidogo ya uwezo wake! Sawa kabisa. Vygotsky, yule Mrusi aliyefariki 1934, tunamkariri wote kwa ajili ya UE: kuna eneo kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa, na humo ndimo kufundisha kunamofaa. Watengenezaji wa Oblivion nao hawakuwa wajinga, walikuwa na sababu nzuri. Waliahidi uhuru. Ukitoka kwenye mfereji uende popote. Kwenye gemu lao la kabla yake, Morrowind la 2002, maadui wengi walipangwa mahali pao na ugumu wao, na mgeni akikosea njia alikutana na kitu kinachommaliza mara moja. Ukitaka mtu awe huru kwenda popote siku ya kwanza, inabidi kila mahali pamuweze. Mimi nami nilitaka kila mtoto apate kazi ya kimo chake. Nia ilikuwa njema kote kuwili.

Lakini Vygotsky tunamsoma nusu. Maana ya lile eneo ni kwamba kile mtoto anachoweza leo kwa kusaidiwa, kesho atakiweza peke yake. Kesho hiyo lazima ije, na lazima mtoto aione ikija! Kuna wataalamu watatu, Wood, Bruner na Ross, mwaka 1976 walifananisha msaada wa mwalimu na ile mirunda ambayo fundi anaifunga pembeni ya ukuta anapojenga. Ukuta ukisimama, mirunda inatolewa, na mwenye nyumba anarudi nyuma hatua kumi anaiangalia nyumba yake. Mimi nilikuwa fundi ambaye kila ukuta ukikauka naongeza ghorofa, na mirunda haijawahi kutoka hata siku moja. Mwenye nyumba hajawahi kuiona nyumba.

Mwingine atasema, punguza ugumu basi. Hata Oblivion kwenye mipangilio yake lina kitelezi cha ugumu, unakivuta kushoto maadui wanakuwa laini. Nilijaribu. Haisaidii, kwa sababu ushindi unakuwa umepewa, hukuupata. Ni sawa na mwalimu anayegawa alama za bure ili darasa lifurahi. Watoto si wajinga, alama ya huruma wanaijua kwa harufu. Shida yangu haikuwa kwamba mambo ni magumu. Gumu liwepo, tena liwepo gumu sana. Shida ni kwamba rahisi lilikuwa limeondolewa.

Panya ninayemtaka ni yule wa jana. Yule yule, bila kumvalisha deraya. Nataka nirudi kwenye lile handaki nikiwa levo 15, panya anirukie kama alivyonirukia siku ya kwanza, na nimmalize kwa kofi moja, nicheke. Kofi hilo halinifundishi upanga hata kidogo. Linanionyesha tu kwamba ule upanga niliojifunza umeingia.

Basi wiki ya sita nikabadilisha. Jaribio la Ijumaa nikaligawa mara mbili. Nusu ya kwanza ni maswali ya wiki ya kwanza, yale yale, namba zile zile, sijagusa kitu. Nusu ya pili mapya. Na swali la nyongeza nikalifanya la hiari, ukilipata unapata alama, ukilikosa hupotezi chochote.

Nilipoandika x² + 5x + 6 ubaoni, darasa likaguna. Kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, "Mwalimu, hivi na hili liliwahi kutushinda?" Nikafungua daftari langu nikawasomea, bila majina, wangapi walilikosa wiki ile ya kwanza. Zaidi ya nusu ya darasa. Kimya. Halafu wakaanza kucheka, lakini kile kicheko cha mtu anayeangalia picha yake ya utotoni. Waliandika jibu kabla sijaweka chaki chini.

Sitawadanganya kwamba wote wakawa wanahesabu. Nusu ya pili bado wengi waliikosa, na wiki nane si muda wa miujiza. Lakini yule binti wa dawati la pili, Ijumaa ya mwisho alileta daftari wa kwanza. Akalichukua na lile la nyongeza bila kuambiwa. Akalikosa pia! Alilikosa kwenye alama ya kutoa, akarudi kukaa, akaendelea kulihangaikia wakati wenzake wanatoka nje. Mimi hiyo niliihesabu kuliko wastani wote.

Mwalimu mwenyeji siku naaga aliniambia, "Umejifunza." Nikamwambia, "Nimejifunza, mzee, ila nimewachelewesha wiki tano." Akasema wiki tano ni chache, yeye alichukua miaka.

Sasa niwarudie nyinyi wenzangu wa elimu, hasa mnaokwenda TP mwakani. Angalieni na sisi wenyewe tunavyolelewa hapa chuo. Darasa likifaulu sana, utasikia kwenye korido "mtihani ulikuwa mteremko" au "limevuja". Hakuna anayesema darasa limesoma. Mwaka unaofuata mtihani unakazwa, na mwaka wa tatu akikumbuka alichojua mwaka wa kwanza anaona hajui kitu, kwa sababu hakuna siku hata moja alirudishwa kwenye swali la kwanza akalitafuna. Tunatoka hapa na GPA, lakini mtu ukimuuliza umekua wapi, anakuonyesha karatasi. Halafu tunakwenda shuleni kuwafanyia watoto vile vile.

Na wale wenzangu wa magemu, najua mtasema Bethesda wenyewe walijirekebisha. Ni kweli, na wachezaji waliwatangulia. Mapema kabisa watu walitengeneza marekebisho yao wenyewe ya bure, kubwa kati ya hayo likiitwa Oscuro's Oblivion Overhaul, kazi yake mojawapo ikiwa ni kurudisha mahali pagumu pawe pagumu na parahisi pawe parahisi. Skyrim lilipotoka 2011, maeneo yakapewa mipaka ya ugumu, na lile la 2025 nalo limebadilisha namna ya kupanda levo. Kwa hiyo hata mabingwa walikubali kwamba uzuri wa macho hautoshi kumfanya mtu ajisikie yuko safarini. Dunia lazima iwe na vitu vinavyobaki vilivyo ili wewe uweze kubadilika mbele yake.

Mshikaji wangu wa chumbani nimemsomea mpaka hapa. Amekaa kimya kidogo, halafu anasema, "Sawa, lakini bado picha zako mbaya." Nimekubali, hilo sina la kubisha. Siku nikipata ajira yangu ya kwanza nitanunua kompyuta ya kuona majani.

Kwa sasa nimewasha kimeo. Yule mtu wangu bado yuko pale pale nilipomwacha, levo 1, stadi zimejaa, macho mekundu, salama salimini. Nimemtembeza mpaka kwenye nyumba ya wageni, nimemlipia chumba, nimempandisha kitandani. Amkapo maadui watakuwa wakali, najua. Sasa walau nikishindwa nitajua wapi pa kurudi kupima nguvu zangu: mle mapangoni kwa panya, kama kuna hata mmoja aliyebaki.

Na wewe mdau, ni kitu gani kilikushinda zamani na leo unakifanya huku unapiga mluzi? Kitafute ukifanye tena wiki hii. Tuonane Jumapili, UE zikiruhusu.